Bahasha ya Kura Kiwandani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa nne Kassel, fundi mitambo kwenye kiwanda cha vipuri. Wiki iliyopita nimepata bahasha yenye karatasi ya kura. Juu imeandikwa Delegiertenwahl, pamoja na tangazo refu linalotaja Aufsichtsrat, bodi fulani ya kampuni. Nilidhani ni ule uchaguzi wa baraza la wafanyakazi, kumbe wenzangu wanasema huu ni mwingine kabisa. Kiwandani tuko 1,350, na kampuni nzima hapa Ujerumani ina watu kama 11,000. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Je, kura inanihusu? Na hao wanaokaa kwenye hiyo bodi wanapatikanaje? Mzee mmoja Mjerumani wa zamu yetu kaniambia nisijisumbue, matajiri walishapanga kila kitu. (Fundi, Kassel)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo bahasha usiitupe. Yangu ya kwanza niliifunikia sufuria ya maharage jikoni, nikaja kuikumbuka siku mbili baada ya kura. Nimefanya kazi kiwandani Bremen miaka 22, na huo ni mmoja wa uzembe wangu ninaoujutia.

Tuanze na pasipoti, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Haihusiki. Hapa bunge hatulichagui na meya hatumchagui, lakini kura hii ni yako sawasawa na ya huyo mzee. Sheria inauliza kama umetimiza miaka 18 na kama ni mwajiriwa wa kampuni hapa Ujerumani. Hata wale wanaoletwa na wakala wanapiga kura, ilimradi wamepangiwa kazi hapo kwa zaidi ya miezi mitatu. Waambie, maana wengi wao hudhani hayawahusu, na hakuna anayehangaika kuwazindua.

Sasa bodi yenyewe. Kwetu kampuni ina bodi ya wakurugenzi, basi, mambo yote humo humo. Wajerumani wameyagawa. Kuna wakurugenzi watendaji, hao ndio wanaoendesha kampuni kila siku. Juu yao kuna Aufsichtsrat, bodi ya usimamizi, inayowaajiri hao wakurugenzi, kuwafukuza, kupanga mishahara yao na kukagua hesabu. Mtu mmoja haruhusiwi kukaa kote kuwili kwa wakati mmoja. Wala usiichanganye na baraza la wafanyakazi. Baraza ndilo unalolikimbilia zamu zako zikivurugwa. Bodi ni ya wale wanaoamua kama kiwanda chenyewe kitakuwepo.

Viti vya bodi hutegemea ukubwa wa kampuni. Ikipita wafanyakazi 500, thuluthi moja ya viti ni ya wafanyakazi. Ikipita 2,000, sheria ya mwaka 1976 inawapa nusu. Waajiri waliishitaki sheria hiyo kwenye Mahakama ya Katiba, wakashindwa mwezi Machi 1979. Kampuni yenu, kwa kuwa imepita watu 10,000 lakini haijafika 20,000, ina bodi ya watu 16: wanane wa wanahisa, wanane wenu. Kati ya wanane wenu, sita ni waajiriwa wa kampuni, na mmoja wa hao sita lazima atoke kwa mameneja wa juu. Viti viwili vilivyobaki ni vya chama cha wafanyakazi, na hivyo anaweza kukalia mtu ambaye hajawahi kushika hata spana kiwandani kwenu.

Upande wa wanahisa sina mengi. Majina hupendekezwa na bodi yenyewe, kwa kawaida kupitia kamati ndogo ya wanahisa watupu, kisha mkutano mkuu wa mwaka unapiga kura, hisa kwa hisa. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Mahali pengine katiba ya kampuni inampa mtu haki ya kuteua bila kupigiwa kura. Hapo jirani yako Wolfsburg, jimbo la Niedersachsen linateua watu wawili kwenye bodi ya Volkswagen, mradi liwe na angalau asilimia 15 ya hisa za kawaida. Kwa hiyo waziri mkuu wa jimbo anakaa mezani na mabwana wa magari. Kipindi cha mwanabodi hakizidi kama miaka mitano. Mtu hawezi kujikusanyia bodi zaidi ya kumi, na akiwa mwenyekiti mahali, kiti hicho kinahesabiwa mara mbili.

Upande wenu ndio wenye mambo. Kampuni ikizidi wafanyakazi 8,000, kwa kawaida hamchagui wanabodi moja kwa moja, mnachagua wajumbe. Hiyo ndiyo Delegiertenwahl uliyoletewa. Hesabu ni mjumbe mmoja kwa kila wapiga kura 90, kwa hiyo ninyi 1,350 mkiwa wapiga kura nyote mtatoa wajumbe 15. Kwetu tulikuwa kama 2,700, hesabu ikatoa 30. Sheria inasema mkipita 25, mnapeleka nusu tu, lakini kila mmoja anabeba kura mbili. Ndivyo mimi, binti wa Ngamiani, nilivyoingia ukumbini mwaka 2008 na kura mbili mkononi.

Niliingiaje? Orodha ya wagombea ujumbe inahitaji saini za wafanyakazi 50, au moja ya ishirini ya wapiga kura. Wanawake wa kantini na wa karakana ya rangi walizunguka na karatasi wakati wa mapumziko, wakapata saini 60 na ushei. Laiti ingekuwepo orodha moja tu, kura isingepigwa, waliotajwa wangehesabiwa wamechaguliwa kwa mpangilio wao. Ndiyo maana nakuambia: ukiona tangazo la kuandaa orodha limebandikwa ubaoni, usisubiri bahasha. Bahasha inakuja pilau limeshaiva.

Siku ya wajumbe tulikusanyika kwenye ukumbi wa kukodi. Kahawa, mikate ile ya chumvi iliyosokotwa, na masanduku matatu ya kura: moja la wafanyakazi wa kawaida, moja la yule meneja, moja la chama. Nilishika karatasi ya kwanza nikatafuta jina la mwenzetu wa karakana ya rangi aliyegombea bodi, mwanamke mchapakazi, kila mtu anampenda. Nikaliona, la tano kwenye orodha ya kwanza. Nikatafuta kiduara cha kutia alama mbele ya jina lake. Hakuna. Kiduara kimoja tu, juu kabisa, mbele ya jina la orodha! Nikamuuliza msimamizi, akanijibu kwa upole wa Kijerumani, ule usiocheka: unachagua orodha, mpangilio wa majina huugusi.

Tulipomaliza, kura zilikuwa 120. Orodha ya kwanza ilipata 74, ya pili 31, ya tatu 15. Viti vya wafanyakazi wa kawaida vilikuwa vitano. Kugawa kwao ni hivi: kura za kila orodha zinagawanywa kwa moja, kwa mbili, kwa tatu na kuendelea, halafu yanachukuliwa matokeo makubwa matano. Orodha ya kwanza ikawa na 74, 37, kama 24.7 na 18.5. Ya pili ikawa na 31, kisha 15.5. Ya tatu ikabaki na 15 yake. Hesabu mwenyewe: orodha ya kwanza viti vinne, ya pili kimoja, ya tatu patupu. Na mwenzetu alikuwa wa tano kwenye orodha iliyopata vinne. Alirudi zamu ya jioni akavaa barakoa yake ya rangi kama kawaida. Mimi ndiye niliyelia chooni.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwenzetu hakuangushwa ukumbini. Aliangushwa wiki nyingi kabla, kwenye chumba fulani ambako watu walikaa kupanga nani awe wa kwanza na nani wa tano. Siku hizi kuna kipengele kipya: tangu mwaka 2016, kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa na zenye bodi ya nusu kwa nusu lazima ziwe na angalau asilimia 30 ya wanawake na angalau asilimia 30 ya wanaume kwenye bodi. Sheria imemkuta mwenzetu ameshastaafu.

Nije kwa mzee wa zamu yenu. Anachosema kina ukweli, ila kakivusha mpaka. Wanane kwa wanane ni nusu kwa nusu, lakini mwenyekiti si kiti cha bahati. Duru ya kwanza anatakiwa kupata thuluthi mbili ya wanabodi wote. Wasipoelewana, duru ya pili wanahisa peke yao wanachagua mwenyekiti, na ninyi mnachagua makamu. Kisha likitokea jambo kura zikalingana, zikarudiwa zikalingana tena, mwenyekiti ana kura ya pili. Hapo wanane wanakuwa tisa. Wachimba makaa na wafua chuma walipata mpango mzuri zaidi mwaka 1951: bodi ya watu 11, na yule wa kumi na moja si wa huku wala wa kule. Bunge la 1976 halikutaka kufika huko.

Lakini mwenyekiti anayeitumia hiyo kura ya pili kila siku ataongoza vikao vya watu walionuna, kwa hiyo mengi huelewanwa kabla ya kikao. Na zipo siku kiti kimegeuka. Aprili 2015, Ferdinand Piëch alipojiuzulu uenyekiti wa bodi ya Volkswagen, aliyeshika kiti kwa muda hadi Oktoba alikuwa makamu wake, Berthold Huber, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha mafundi chuma, IG Metall. Mtu aliyeanza kama fundi karakana! Mpe mzee habari hiyo uone atasemaje.

Basi soma orodha zilizomo kwenye bahasha. Usiangalie jina la juu tu, shuka hadi la nne na la tano. Na kama ukitaka kuwa mjumbe safari ijayo, unatakiwa uwe umefanya kazi hapo miezi sita, nawe umeshapita. Kugombea bodi yenyewe ni mwaka mmoja.

SWALI: Mama, nipo Mombasa, nafanya kazi kwenye tawi la kampuni ya Kijerumani. Mishahara yetu inaamuliwa huko huko. Sisi tunapiga kura lini? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Hampigi, mwanangu, na nasikitika kukuambia hivyo bila kukuzungusha. Sheria ya Ujerumani inawahesabu walioko ndani ya Ujerumani tu. Mwanahisa mmoja mdogo, Konrad Erzberger, aliishitaki kampuni ya utalii ya TUI kwa hoja kama yako: wafanyakazi wengi wako nje, iweje bodi ichaguliwe na walioko Ujerumani peke yao? Shauri likafika Mahakama ya Ulaya, Luxembourg, na tarehe 18 Julai 2017 wakaamua kwamba sheria haina kasoro. Tena Mjerumani mwenyewe akihamishiwa kwenye kampuni tanzu ya nje, kura anaiacha uwanja wa ndege.

Mimi naona si haki, na nimelisema hilo kwenye mikutano hadi wakachoka kunipa kipaza sauti. Unachoweza kufanya ni kumwandikia mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi. Majina yao yamo kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, ipo kwenye intaneti. Halazimiki kukujibu, lakini kwenye kikao ana haki ya kuuliza, na wakurugenzi wanapaswa kumjibu. Mpe swali moja, lenye tarakimu.

SWALI: Bi mkubwa, salaam kutoka Muscat. Nimenunua hisa tatu za Volkswagen kupitia programu ya simu. Je, na mimi nitawachagua hao wanabodi? (Mwenye hisa tatu)

JIBU: Fungua simu uangalie ni hisa za aina gani. Kama ni Vorzugsaktie, hisa za upendeleo, zinakupa gawio zuri kidogo lakini hazina kura. Kama ni Stammaktie, hisa za kawaida, una kura tatu halali, na mwaliko wa mkutano mkuu unapaswa kukufikia kupitia hao waliokuuzia. Waulize mapema, wengine hawatumi mpaka uombe. Ukipata nafasi ya kuuliza swali mkutanoni, nitumie nakala.