Plazma (mashine ya kukata chuma) ya meza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta: HF au isiyo na HF?
Kaka, chukua isiyo na HF. Hizo za HF huwasha moto kwa umeme wa masafa ya juu sana (high frequency), na huo umeme unavuka hadi kwenye nyaya za kontrola (kompyuta inayoendesha meza) na mota. Tulijenga meza yetu hapa Unga Limited, Arusha, tukaanza na ya HF: ukiwasha tochi tu, skrini inaganda na mota ya Z (ya kupandisha na kushusha tochi) inaruka, pleti imeshaharibika. Ile isiyo na HF, ndani ya tochi elektrodi (kipande kinachobeba umeme) inakuwa imegusana na nozo (ncha yenye tundu), hewa ikifika inazisukuma ziachane, cheche inazaliwa hapo hapo. Kontrola haisumbuki.

Kabla hujalipa, geuza mashine uangalie nyuma kama ina soketi ya CNC inayotoa volti za moto wa tochi zikiwa zimegawanywa, mfano 50 kwa 1, ili kontrola izisome. Hiyo ndiyo inaiwezesha tochi kupanda na kushuka yenyewe pleti ikijikunja kwa joto. Bila hiyo utabadilisha nozo kila siku. Na tochi iwe ile iliyonyooka ya mashine, si ya kushika mkononi.

HF inawezekana ukifunga ethi vizuri na kutumia nyaya zenye ngao, viwanda vikubwa wanazo, lakini kwa meza ya kujitengenezea utateseka bure.

Halafu weka chujio la maji kwenye hewa. Masika hii tenki la kompresa nalimwaga asubuhi na mchana, maji yakipita nozo haimalizi siku.