Mafuta mazito huelea vipi juu ya maji?

SWALI: Mwalimu, nauza mafuta ya nazi sokoni Kongowea. Wateja huniambia mafuta yangu ni mazito, na ndivyo wanavyoyapenda. Mwanangu wa Gredi ya 8 ashika kwamba nakosea, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, ndipo yakaelea. Nani asema Kiswahili sawasawa? Na kwenye lebo niandike nini?

JIBU: Nyote wawili mwasema sawa, mama, ila hamzungumzii jambo moja. Neno "-zito" limebeba maana mbili, na kwenye vitu vya majimaji maana hizo huweza kugombana.

Mwanao anafikiria mizani. Lita ya maji ni kilo 1. Lita ya mafuta ya nazi ni kama gramu 920. Molekuli za maji, yaani zile chembe zake, ni ndogo na hubanana vizuri. Wateja wako hawana habari ya mizani, wao hutazama mafuta yanavyomiminika. Molekuli ya mafuta ni kubwa, ina mikia mitatu mirefu. Zikiwa pamoja huvutana na kukwamana, hazipishani upesi. Ndiyo maana mafuta hutoka chupani kwa kujivuta.

Ushahidi umo jikoni mwako. Kasimile, lile tui la kwanza, twaliita tui zito. Liache bakulini litulie: sehemu iliyo nzito zaidi hupanda juu, na ile nyepesi ya majimaji hubaki chini. Sijasikia mpishi wa Mombasa akilalamikia maneno hayo. Asali haina taabu hiyo, ni nzito kotekote: humiminika polepole, na ukiitia majini huzama.

Mafuta yakipata moto twasema yamekuwa mepesi. Gramu hazijapungua, joto limezipa molekuli mwendo, zinapishana kwa urahisi. Na asubuhi za Julai, baridi ikishuka chini ya nyuzi 24, mwendo hupungua hadi molekuli zikajipanga na kushikana. Hayo sasa usiyaite mazito. Yameganda.

Wanasayansi wana neno lao kwa uzito huo wa kumiminika: mnato. Sokoni silipendekezi, maana mteja atadhani mafuta yako yananata vidoleni kama ulimbo. Mwanao naye, akitaka kuondoa utata, ataje kipimo: "lita ya mafuta ina uzito mdogo kuliko lita ya maji." Bila hiyo lita, dumu la mafuta litamshinda kulibeba na bado atasema ni jepesi.

Kwenye lebo andika "mafuta mazito ya nazi". Usiandike "mafuta nzito". Kosa ni hilo, wala halihusiani na molekuli.