Nianzie wapi kuutumikia mtaa wangu?

SWALI: Nimehamia Kigogo, Dar es Salaam, miezi michache iliyopita, na kila jambo la mtaa hunifikia likiwa limekwisha kupita: mkutano, usafi, hata chanjo ya watoto. Jumamosi huwa sina kazi, nami natamani kujitolea, ila sijui nimwendee nani. Je, nianze kwa mjumbe wa nyumba kumi?
Msomaji, Kigogo

JIBU: Ndugu msomaji, karibu Kigogo. Mjumbe nenda ukamsalimu, kwa maana anazijua nyumba zote zinazokuzunguka, lakini fahamu kwamba tangu vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Mkutano wa wakazi huongozwa na mwenyekiti wa mtaa, ambaye wakazi humchagua kila baada ya miaka mitano, na mara ya karibuni walifanya hivyo tarehe 27 Novemba 2024. Kumbukumbu na barua ziko kwa afisa mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa manispaa. Fika ofisini kwao asubuhi ya siku ya kazi, jitambulishe, taja nyumba unayokaa na uache namba yako ya simu. Ukishafahamika kwa sura na jina, habari zitakufikia mapema.

Jumamosi yako imeangukia pazuri. Baada ya maadhimisho ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015 kugeuzwa kuwa siku ya usafi nchini kote, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ilitengwa kwa kazi hiyo. Kwingine watu hufagia wakaenda zao, lakini Kigogo imepakana na bonde la Msimbazi, na mtaro ulioziba kwa mchanga na chupa za plastiki huyarudisha maji sebuleni kwa watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo ningekuomba nguvu zako uziweke kwenye mitaro, hasa Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Nenda na koleo, buti na glavu, na mkubaliane na mtendaji mapema kuhusu gari la taka, kwa kuwa tope lililotolewa na kuachwa ukingoni hurudi mtaroni na mvua ya kwanza, na jasho lote likawa bure. Hilo nimeliona mara nyingi mno, na linaniuma.

Ukipenda kazi nyingine, Chama cha Msalaba Mwekundu hupokea watu wa kujitolea na kuwafundisha huduma ya kwanza, na kituo cha damu salama kilichopo Mchikichini, Ilala, hupokea wachangiaji wenye afya njema walio na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatembeza wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi katika mitaa ya jiji ili kuchora mitaro na maeneo yanayofurika, kwa sababu mkazi wa siku nyingi anajua maji yanapopita. Nawe siku ya usafi ikifika, waulize wazee wa jirani maji ya mwaka 2011 yalifika wapi ukutani, ndipo mtajua mtaro upi uzibuliwe kwanza.