Kilemba cha gunia

Kwa miaka saba nilinunua viazi Isyonje, kule juu kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, na miaka yote hiyo nilikuwa mwanakwaya. Jumapili naimba, Jumatatu nasimamia lumbesa. Gunia likishajaa unaliongezea kilemba juu, vijana wanakisuka kwa kamba kama wavu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Sisi tulisema ndivyo biashara ya viazi ilivyo.

Siku moja mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, aliinama kuokota viazi vitatu vilivyodondoka kilemba kikishonwa. Akavifuta udongo kwa khanga, akaniwekea mkononi. "Mwanangu, na hivi vimo kwenye bei?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu. Nilikosa jibu, nikavitia mfukoni mwa koti nikarudi navyo Uyole.

Usiku ule nilifungua Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Mstari huo naujua tangu utotoni! Mwenzangu tunayekodi naye fuso ni Mwislamu. Nilipomweleza, akaniambia kwao iko sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Tukachanga, tukanunua mizani ya kuning'iniza.

Sitakudanganya, msimu wa kwanza tuliumia. Madalali walikuwa wamezoea kilemba, gunia letu wakaliona dogo. Ilibidi tutafute wateja wengine, wauza chipsi na mama lishe wanaonunua kwa kilo, mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiamua jambo kama hili, weka akiba kwanza, na umshirikishe mwenzio wa nyumbani kabla hela haijapungua. Mimi nilimwambia mke wangu nikiwa nimechelewa, na hilo lilimuumiza kuliko hasara yenyewe.

Usianze kwa kuahidi kubadilisha maisha yote. Tafuta sehemu moja ambapo pesa yako inapita na mtu mnyonge amesimama, uanzie hapo. Sala zangu zilipata uzito nilipokuwa na kitu cha kuombea: nguvu ya kutoongeza debe moja siku ambayo dalali amenikasirikia.

Na uhuru? Nilidhani ni kufanya biashara bila kuulizwa na mtu. Kumbe gari letu lilikuwa linaondoka saa nane usiku ili tusikutane na wakaguzi, na namba ngeni ikipiga moyo unaruka. Paulo anawaambia Wagalatia waliitwa wapate uhuru, halafu papo hapo anawataka watumikiane kwa upendo. Miaka mingi niliishia nusu ya kwanza.

Msimu uliopita tulipakia Isyonje mchana, ukungu umeshapanda, magunia yote yameshonwa mdomo tu. Yule mama alisoma mizani mwenyewe, kwa sauti, gunia kwa gunia.