Nauli ya mazoezi imenishinda

Shikamoo Shangazi. Niko Mtwapa, nauza mbaazi na mahamri. Kifungua mimba wangu ana miaka 7 na ana mtindio wa ubongo. Haketi bila kuegemezwa. Zamani nilimbeba mgongoni kwa leso tukapanda matatu. Sasa miguu yake inanigonga magotini, na makanga akituona kwa mbali anagonga bodi, gari linaondoka. Imebaki tuktuk ya kukodi, shilingi 400 kwenda na 400 kurudi, na siku hiyo sipiki. Miezi miwili sijaenda kliniki ya mazoezi. Babake yuko Nairobi, simu hapokei. Mama mkwe asema napoteza pesa. Je, niache?
Mama Mahamri

Marahaba mwanangu. Mazoezi usiache, viungo vyake vitakakamaa hata kumvisha shati iwe kazi. Lakini si lazima yote yafanyiwe hospitali. Jikaze uende mara moja, umwambie mtaalamu bila haya kwamba nauli huna. Akufundishe ya nyumbani, mpange kuonana kila baada ya muda.

Muulize na kiti cha katoni. Nilipokuwa nikilea mjukuu wangu tulitengenezewa kimoja: katoni za dukani zinabandikwa moja juu ya nyingine kwa gundi ya unga wa ngano, zinavikwa magazeti, zinaanikwa mpaka zinakuwa ngumu kama ubao. Wetu alikuwa akikalia chake kando ya mbuzi, nakuna nazi huku ananitazama. Ila vipimo atoe mtaalamu, usikisie, mgongo usije ukapinda.

Ukiwa huko huko ulizia tathmini ya ulemavu. Ikikamilika, msajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Halafu mwone naibu chifu kuhusu Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikiingizwa, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa za mtoto hupokewa na mlezi wake. Ni kidogo, nepi tu zaweza kuzimaliza. Tena huchelewa, na usajili haufunguliwi kila siku. Ndiyo maana nataka karatasi zako ziwe tayari mapema. Atakayekuomba ya chai ili aandike jina lako, muage.

Huyo baba naye, kutopokea simu hakumwondolei mzigo. Sheria ya Watoto ya 2022 inawadai wazazi wote wawili. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na namba ya simu ya babake, uende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako.

Na mama mkwe usibishane naye. Mwombe akushikie mjukuu wake asubuhi moja tu, uuze mahamri. Akikubali, mwonyeshe kwanza namna ya kumlisha: mtoto aketishwe wima, uji kijiko kidogo kidogo, usije ukampalia.