Idara "inayojitegemea" au "inayojiendesha kibiashara"?

Swali: Katika taarifa ya kampuni yetu niliandika hivi: "Kuanzia sasa idara ya matengenezo ni huduma inayojitegemea, na imepata faida kwa kuuza huduma zake kwa idara nyingine." Mhasibu mkuu amepigia mstari maneno "inayojitegemea" na "faida". Je, nimekosea?

Jibu: Mhasibu wako ana hoja. Kinachojitegemea husimama bila mkono wa mwingine, ilhali idara hiyo bado iko chini ya bodi ileile inayosimamia idara inazozihudumia, na mara nyingi wateja wake hao hawana ruhusa ya kutafuta huduma kwingine. Kilichobadilika ni namna ya kuipima: zamani iliulizwa imetumia kiasi gani, sasa inaulizwa imeingiza kiasi gani zaidi ya ilichotumia. Hiyo ni idara "inayojiendesha kibiashara", au, ukiwaandikia wahasibu, "kituo cha faida" badala ya "kituo cha gharama".

"Faida" ina uzito zaidi. Tuseme kazi iliyogharimu 80 imetozwa 100. Hiyo 100 huandikwa pato kwa idara ya matengenezo na gharama kwa idara iliyohudumiwa, kwa hiyo hesabu za kampuni nzima zikiunganishwa zinafutana, na kinachobaki ni ile 80 iliyotoka kweli. Ile 20 ningeiita "ziada" au "faida ya ndani", nikiliacha neno "faida" peke yake kwa ajili ya fedha za mteja wa nje. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, chini ya kiongozi wake Alfred Sloan katika miaka ya 1920, ilipima vitengo vyake kwa faida ya kila kimoja, lakini vitengo kama Chevrolet na Buick viliuza magari kwa umma; hapo neno lilikuwa mahali pake.

"Kuuza" kunavumilika, ingawa "kutoza" ni sahihi zaidi pale bei inapopangwa na uongozi. Angalia tu muundo wake: idara ya matengenezo huitoza idara ya mauzo ada, wala haitozi ada "kwa" idara ya mauzo.

Jambo ambalo mhasibu hakuligusa ni "kuanzia sasa", ambayo haipatani na "imepata", kwani ziada iliyokwisha kupatikana haiwezi kutokana na utaratibu unaoanza leo. Taja mwezi ambao utaratibu huo ulianza.