Transfoma mbili, termostati moja

Mdogo wangu unayeanza kazi ya joto na baridi hapa Minnesota, kuna nyumba utakutana nayo mapema kuliko unavyodhani. Chini kuna boila kuukuu inayosukuma maji moto kwenye rejeta za chuma. Kiyoyozi kilikuja miaka mingi baadaye, kikawekwa darini. Mashine hizi hazijuani, kila moja ina transfoma yake ya volti 24. Mwenye nyumba sasa kanunua termostati moja, kifaa cha ukutani cha kuamuru joto na baridi, inayotii simu, anataka itawale zote mbili.

Nyumba yangu ya kwanza ya aina hii niliipima kwa macho. Nikaona waya mbili nyekundu, nikazisokota pamoja nikiamini nyekundu zote ni R, yaani waya unaoleta umeme kutoka transfoma. Kumbe ncha za pili za transfoma zote zilikuwa zimefungwa kwenye bodi za chuma, na mawimbi yao yamepishana. Kiyoyozi hakikuwa na fyuzi. Boila nayo haikuwa nayo. Transfoma ya boila ikavuma, ikanuka, ikafa. Ilikuwa Januari. Watoto wa ile nyumba walikaa na makoti ndani mpaka nilipofunga nyingine, na bei yake nikalipa mimi.

Kwa hiyo hesabu transfoma kabla ya kuhesabu waya, na zima breka zote mbili. Ukizima ya boila, ya darini bado iko hai. Rangi usiziamini, fuata waya mpaka zinakoanzia. Zile mbili zinazotoka TT kwenye boila, yaani vituo vyake vya termostati, moja iende Rh (R ya joto), ya pili W (waya wa kuomba joto). Za kiyoyozi: R iende Rc (R ya baridi), Y ni ya kompresa, G ya feni. Kijipande cha waya kinachounganisha Rh na Rc king'oe. Kwenye termostati nyingine kiungo hicho kimejificha ndani, kwa hiyo soma karatasi yake.

Wengi hukwama kwenye C, waya unaorudisha umeme kwenye transfoma. Termostati hizi zinakula umeme saa zote, na C lazima itoke kwenye transfoma ileile inayoilisha. Ukichukua R ya darini na C ya boila, kwa kawaida mzunguko haukamiliki. Washa, pima Rc na C: utapata volti 24 hadi 28. Kama transfoma hazijaungana kupitia bodi za chuma, Rh na C zisikupe kitu cha maana, ingawa mita za kidijitali hupenda kuonyesha volti za uzushi, zisikutishe.

Termostati yenye R moja tu haiwezi kazi hii peke yake. Funga rilei ya volti 24, swichi inayovutwa na umeme: koili ipate W na C za upande wa kiyoyozi, mguso wake ufunge TT za boila. Mimi siku hizi hufanya hivyo hata penye Rh na Rc. Rilei ni rahisi, na umeme wa boila haufiki ukutani kabisa.

Ukimaliza, iambie termostati kwamba joto linatoka kwenye boila, la sivyo inaweza kuwasha feni ya darini na kumwagia watu hewa baridi. Na kama nje kuna theluji, usiwashe kompresa kwa majaribio. Itulize kwa breka yake ya nje, omba baridi ukutani, kisha pima Y na C tu.